Kariokor: Vita Vilivyoua kwa Tumbo Kuliko kwa Risasi

Ndugu msomaji, kama unaishi Nairobi huenda umewahi kusindikiza jeneza hadi makaburi yetu ya Kariokor. Watu huteremka garini, hushika jeneza kwa kupokezana, na baada ya dua kila mmoja hushika njia yake, wengine wakipitia sokoni kununua kiondo ama nyama. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi, na kwa miaka mingi sikujiuliza hilo jina limetoka wapi. Nilidhani ni la Kikikuyu. Rafiki yangu mmoja aliapa kwamba ni la Kihindi. Kumbe ni Kiingereza kilichopita midomoni mwa wazee wetu kikatoka na sura nyingine: Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi. Hapo palikuwa na kambi yao. Dar es Salaam nako walikuwa na kambi, na jina lilo hilo likatamkwa Kariakoo, likabaki hivyo mpaka leo pamoja na soko lake kubwa.

Vita wenyewe walivyobeba mizigo yake ni vile vya 1914 hadi 1918, Mwingereza akipigana na Mjerumani katika ardhi isiyokuwa ya mmoja wao. Tulivisoma shuleni kwa haraka: Tanga, von Lettow-Vorbeck, Smuts, basi, tukapita. Habari ya madaktari hatukusomeshwa hata kidogo. Na ukiifuata habari ya madaktari ndipo unapoona ni nini hasa kilichoua watu katika vita vile, maana risasi ilikuwa na sehemu ndogo sana.

Hebu kwanza turudi nyuma kidogo. Kazi ya kuwatibu majeruhi wa vita si jambo geni kwetu. Wengi wenu mmesoma kisa cha Bi Rufaida al-Aslamiya, aliyekuwa na hema lake la kuuguza Madina. Sahaba Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliamrisha apelekwe katika hema hilo msikitini ili awe karibu naye. Kule Ulaya ilichukua muda mrefu kabla majeshi hayajaona haja ya kumfuata majeruhi pale alipoanguka. Daktari Mfaransa Dominique Jean Larrey, aliyekuja kuwa daktari mkuu wa majeshi ya Napoleon, alianza mwaka 1792 kutumia magari mepesi ya kukokotwa na farasi kuwachukua majeruhi wakati mapigano bado yanaendelea. Akaweka na kanuni ambayo madaktari wa vita wanaitaja hadi leo: anayetibiwa mwanzo ni yule mwenye jeraha kubwa zaidi, si mwenye cheo kikubwa zaidi, hata akiwa ni adui. Mwaka 1864 mataifa ya Ulaya yakatia saini Mkataba wa Geneva kuwalinda majeruhi na wanaowauguza, na katika vita vya 1876 hadi 1878 dola ya Uthmania ikaanza kutumia alama ya hilali nyekundu pale wengine walipotumia msalaba.

Kwa hivyo vita vilipofika Afrika Mashariki kanuni zilikuwapo. Na elimu pia ilikuwapo, hili nalo lazima tulikumbuke. Ronald Ross alikwisha gundua mwaka 1897 huko India kwamba malaria huletwa na mbu, na akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1902. Kwinini ilikuwa ikijulikana tangu zamani. Chanjo ya homa ya matumbo ilikuwa ikitumiwa na jeshi la Uingereza. Hata kwa ile aina ya kuhara damu inayoletwa na amiba, Leonard Rogers wa Calcutta alikuwa ameonyesha mwaka 1912 kwamba sindano ya emetini huitibu. Asije mtu akasema ati wakati ule hawakujua.

Sasa tuingie vitani. Novemba 1914 Waingereza walijaribu kuiteka Tanga kwa jeshi kubwa lililotoka India, wakashindwa vibaya. Baada ya hapo, kwa zaidi ya mwaka mmoja, mapambano yakawa ya huku mpakani, Voi, Maktau, Taveta. Reli ikajengwa kutoka Voi kuelekea Taveta, na treni iliyopeleka risasi ndiyo iliyorudi na wagonjwa. Ukipita huko leo utayaona makaburi ya vita ya Voi, Maktau na Taveta, mawe yamepangwa safu kwa safu, majani yamekatwa vizuri.

Februari 1916 akaja Jenerali Jan Smuts kutoka Afrika Kusini na maelfu ya askari wazungu wa kwao. Smuts alitaka kumzunguka Mjerumani haraka na kumaliza vita upesi. Akasonga mbele, akaiteka Moshi, akaiteka njia ya reli ya Tanga, akafika mpaka reli ya kati, Morogoro na Dar es Salaam. Kwenye ramani alishinda. Lakini kila hatua aliyopiga ilimuacha mbali zaidi na ghala lake, na mvua ikamkuta njiani. Farasi walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Magari yalizama matopeni. Watu nao wakaanza kuanguka. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu cha Afrika Kusini kilianza Februari kikiwa na watu 1,135. Ilipofika Oktoba waliobaki wazima wa kuweza kupigana walikuwa 116, na kikosi hicho hakikuwa kimepigana sana. Ni malaria na kuhara. Kwa hesabu za mwaka huo wa 1916, katika majeshi ya Mwingereza, kila mtu mmoja aliyeangushwa na adui, zaidi ya 30 waliangushwa na maradhi.

Askari wale wa Afrika Kusini walirudishwa kwao kwa maelfu mwishoni mwa mwaka huo. Walipofika walikuwa mifupa mitupu, watu wa kwao wakapiga kelele, maswali yakaulizwa. Ni haki yao. Lakini wao walikuwa na meli ya kuwarudisha na watu wa kuwapigia kelele. Wapagazi hawakuwa na yote mawili.

Mtu atauliza, wapagazi wengi hivyo walikuwa wa nini? Jibu ni hesabu ndogo. Njia za magari hazikuwapo, wanyama walikuwa wakifa, basi kila kitu kilibebwa kichwani: risasi, mahema, mizinga iliyofunguliwa vipande, madawa, na zaidi ya yote chakula. Tuchukue mfano. Mpagazi anabeba kilo 25 za unga, na yeye mwenyewe anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, amekula kilo 20 za mzigo wake. Zinazomfikia askari ni kilo 5. Ukitaka kumlisha askari mmoja mbali na reli, unahitaji msururu wa watu nyuma yake, na watu hao wanahitaji kula, na wa kuwaletea wao chakula nao wanahitaji kula. Hapo ndipo ilipotoka hesabu ya kutisha: katika vita hivyo vyote Mwingereza alitumia wapagazi wapatao milioni 1 kutoka nchi mbalimbali. Kutoka Kenya peke yake walichukuliwa zaidi ya 160,000.

Wa mwanzo mwaka 1914 walijiandikisha kwa hiari, na wengi wa pwani walikuwa na uzoefu wa kazi ya safari toka zamani za misafara. Aliyewapanga alikuwa afisa wa serikali, Oscar Watkins, mtu aliyeijua lugha yetu vizuri, na inaonekana kweli aliwajali watu wake. Lakini hiari haikutosha. Mwaka 1915 ikapitishwa sheria ya kuwalazimisha. Mshahara ukashushwa, ukawa rupia 5 kwa mwezi kwa miezi ya kwanza, kisha 6. Halafu mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, akapewa kazi ya kukusanya watu nchi nzima, na machifu wakaambiwa walete vijana. Watu walikamatwa usiku majumbani. Kila mmoja alivalishwa kibati chenye namba shingoni.

Nifike kwenye tumbo sasa, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo.

Mtu anayetoka milimani, Mkikuyu au Mmeru, alizoea nyumbani kula mahindi mazima na maharagwe yaliyochemshwa vizuri. Mganda alizoea ndizi. Mluo alizoea mtama na wimbi. Wengine, hasa wa pwani na visiwani, walikuwa watu wa mchele. Jeshi liliwapa wote unga wa mahindi. Unga wenyewe ulisagwa kwa mashine, mara nyingi mnene, wenye makapi. Unga wa namna hiyo unataka sufuria kubwa, kuni kavu na muda mrefu motoni. Mpagazi alifika kambini jioni amechoka, mvua inanyesha, kuni zimelowa, sufuria moja inagombewa na watu kumi na kitu. Akala unga nusu mbichi. Kesho vivyo hivyo. Madaktari wa wakati ule waliandika wazi kwamba chakula hicho kibichi kilikwaruza matumbo na kuyaacha tayari kupokea ugonjwa. Sisi tunaofunga tunajua tumbo tupu linavyotaka kupokewa kwa upole. Waulizeni mama zetu kwa nini uji hutangulia sima.

Tumbo likishaharibika, kilichofuata kilikuwa ni kuhara damu. Na hapa njia yenyewe ikawa muuaji. Maelfu ya watu walipita njia moja, wakalala kambi zile zile, wakajisaidia vichakani kando ya mto ule ule ambao wenzao wa kesho wangeteka maji. Mtu mmoja akiugua mbele, mia wanaugua nyuma. Vyoo havikuchimbwa, au vilichimbwa vikajaa, na aliyekuwa akiharakishwa kusonga mbele hakuwa na muda wa kuchemsha maji.

Juu ya hayo kulikuwa na baridi na joto. Mtu wa milimani hakuzoea malaria ya mabondeni, akashikwa na homa kali mno. Mtu wa mabondeni alipandishwa nyanda za juu na blanketi moja, akafa kwa kichomi. Wengi hawakuwa na viatu, na funza waliingia vidoleni mpaka vidole vikaoza. Ndui ilizuka makambini, na uti wa mgongo pia, kwa sababu ya watu kulazwa kwa msongamano.

Hospitali zilikuwako? Ndiyo, zilikuwako. Zilipangwa kwa rangi na kwa daraja: za wazungu, za Wahindi, za askari Waafrika, na mwisho kabisa za wapagazi. Daktari mzuri, kitanda, maziwa na kwinini vilianzia juu vikishuka, na vilipofika chini kwa wapagazi vilikuwa vimepungua sana. Si kwamba madaktari wote walikuwa watu wabaya. Wako waliolalamika kwa wakubwa wao, wako waliokufa wakiuguza. Lakini daktari mmoja mbele ya mamia ya watu wanaohara damu, bila dawa ya kutosha, bila wauguzi, afanye nini? Wengine hawakufika hata hospitalini. Kumbeba mgonjwa mmoja kwa machela kunataka watu 4, na wengine 4 wa kuwapokea, na watu hao nane ni mizigo minane itakayobaki njiani. Kwa hivyo aliyeshindwa kutembea mara nyingi aliachwa kando ya njia. Kanuni ya Larrey, ya kwamba jeraha kubwa hutangulizwa, hapa ilipinduliwa miguu juu.

Wakati mbaya kupita wote ulikuwa mwanzo wa mwaka 1917, kwenye njia ya kwenda mto Rufiji. Mvua ya mwaka ule ilikuwa ya kupita kiasi, mabonde yakawa maziwa. Askari mbele walikula robo ya posho yao, na wapagazi walianguka na mizigo kichwani. Askari kutoka Afrika Magharibi waliokuwa huko walichimba mizizi wakala.

Sasa msikilize kisa kingine, maana si kila kundi lilikufa vile. Mwaka huo huo wa 1917 Dk. John Arthur wa misheni ya Waskoti huko Kikuyu aliunda kundi la wapagazi kutoka misheni mbalimbali, watu kati ya 1,700 na 1,800, lililoitwa Kikuyu Mission Volunteers. Sababu yake haikuwa safi kabisa. Misheni zilitaka vijana wao wasichukuliwe na ule mkusanyo wa nguvu. Lakini angalia kilichotokea. Walikwenda wakiwa na viongozi waliowajua, wanaosema nao lugha moja. Daktari alikuwa ndiye mkuu wao, anatembea nao. Chakula kilipikwa kikaiva. Mgonjwa aligunduliwa siku ya kwanza, si siku ya tano. Kazi yao ilikuwa ile ile, nchi ile ile, mbu wale wale. Vifo vyao vilikuwa vichache mno kulinganisha na wapagazi wa kawaida.

Hili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Haikutakiwa dawa mpya wala chombo kipya. Ilitakiwa sufuria, kuni, choo, na mtu mwenye kujali aliyepewa mamlaka.

Huko Uganda nako palifanyika jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Meja Keane, daktari wa serikali, alianzisha mwaka 1917 kikosi cha uuguzi cha Waafrika, African Native Medical Corps, kwa kuwachukua vijana waliosoma katika shule kama ya Budo. Vijana hawa walifundishwa kufunga vidonda, kutoa dawa, kutunza wadi, wengine hata kutumia darubini kutafuta vijidudu vya malaria na vya kuhara. Mpaka hapo wakoloni wengi walikuwa wakisema Mwafrika hawezi kazi kama hiyo. Vijana wakaifanya katika hospitali za wapagazi, katika mazingira niliyoyaeleza. Kijana wa Kiganda aliyeketi karibu na mgonjwa na kumuuliza kwa Kiswahili tumbo limeanza lini alikuwa amekwisha fanya nusu ya kazi ambayo daktari mgeni asingeiweza bila mkalimani. Baada ya vita, katika miaka ya 1920, mafunzo ya wasaidizi wa madaktari yakaanzishwa Makerere, na hakuna aliyeweza tena kusema kwa urahisi kwamba haiwezekani.

Na Mjerumani je? Kuna watu wanampenda von Lettow-Vorbeck kwa ujanja wake, kwamba alimhangaisha Mwingereza miaka 4. Kwa upande wa tiba walikuwa hodari kweli. Meli za kuleta madawa zilizuiwa baharini, kwa hivyo walitengeneza kwinini yao kutokana na magome ya miti iliyopandwa katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Walipoipoteza Usambara mwaka 1916 wakawa wanachemsha magome waliyobeba na kunywa maji yake machungu, wakayapa jina la utani la pombe ya Lettow. Bendeji walizitengeneza kwa magome ya miti yaliyopondwa. Novemba 1917 walivuka mto Ruvuma wakawashambulia Wareno huko Ngomano, wakateka bunduki, chakula na madawa.

Lakini kabla ya kuvuka, Lettow aliwaacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi wake ili wachukuliwe na Waingereza, kwa kuwa alijua watatibiwa. Mkataba wa Geneva ulifanya kazi hapo. Kwa wapagazi wake hakukuwa na mkataba. Wengi walikamatwa vijijini bila malipo, na walipochoka walibadilishwa na wengine. Na vijiji vilivyopitiwa na majeshi yote mawili viliachwa bila ng'ombe, bila nafaka, bila vijana wa kulima. Kule Ugogo, upande wa Dodoma, njaa iliyofuata kuanzia 1917 iliitwa Mtunya, na inakadiriwa iliua watu wapatao 30,000. Magari ya msaada hayakufika. Jeshi lililokuwa na hospitali, maghala na madaktari lilikuwa limepita hapo hapo, likachukua kilichokuwapo, likaendelea na safari.

Lettow alisalimu amri Novemba 25, 1918 huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya vita kumalizika Ulaya. Wakati huo homa ile kubwa ya mafua ya 1918 ilikuwa imeshafika. Askari wake waliwekwa kambini Tabora, wengi wakafa humo na vita vimekwisha. Wapagazi wetu walikuwa wakiachiliwa warudi nyumbani, miili imekonda, na homa ikawakuta njiani, ikaingia nao vijijini.

Walikufa wangapi? Hesabu kamili haipo, na kukosekana kwake ni sehemu ya kisa. Wanahistoria waliopekua rekodi wanasema kwa upande wa Mwingereza wapagazi waliokufa walikaribia laki moja au walipita. Kutoka Kenya peke yake wanataja 45,000, kiasi cha mwanamume mmoja katika kila 8 wa nchi hii. Afisa mmoja wa Wizara ya Makoloni mjini London aliandika kwamba mambo ya Afrika Mashariki yalikaribia kuwa kashfa, ila hayakuwa kashfa kwa sababu walioumia zaidi walikuwa wapagazi, na nani anayewajali wapagazi. Aliandika hivyo kwa kejeli ama kwa uchungu, sijui. Lakini alisema kweli.

Baada ya vita ikaja kazi ya kuwakumbuka waliokufa. Askari mzungu alipata kaburi lake na jiwe lenye jina lake. Kwa wapagazi ikaamuliwa sanamu zitatosha. Ndizo zile za shaba zilizoko Nairobi kwenye barabara ya Kenyatta, askari na mpagazi wamesimama, na maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Mombasa ipo nyingine, Dar es Salaam ipo nyingine. Hakuna jina la mtu hata mmoja juu yake. Gavana wa Tanganyika wa wakati ule, Horace Byatt, alionelea makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi msitu upesi iwezekanavyo. Yakaachwa. Aprili 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo imekuwa ikitafuta majina kwenye makaratasi ya zamani yaliyonusurika.

Kuna waliosema majina hayakujulikana. Hapo mimi nakataa. Watu hawa waliandikwa. Kila mmoja alikuwa na namba kwenye kibati shingoni, na namba ile ililingana na daftari la mshahara, kwa sababu serikali ilitaka kujua inamlipa nani. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu waliokufa au kupotea ilibaki bila mtu wa kuidai. Jamaa zao huko mashambani hawakujua waidai wapi. Maafisa wa Kenya, Watkins akiwa mmoja wao, waliomba mapesa hayo basi yatumike kwa manufaa ya Waafrika. Mjadala ukavutwa hadi miaka ya 1930, barua zikienda na kurudi, na London haikukubali.

Kijana aliyechukuliwa Januari 1917 akafa kwa tumbo njia ya Rufiji mwisho wa Machi alikuwa anadai rupia 15.